Mechi ya Kiwanja Namba 112

Jumamosi ya mwisho ya Februari mwaka 1993, saa nane mchana, wazazi ishirini na tisa walikuwa wamesimama pembeni ya kiwanja cha Shule ya Msingi Chilewa, upande wa Nzuguni, wakisubiri binti zao waanze kucheza netiboli. Upepo ulikuwa umeanza tangu asubuhi. Ulibeba vumbi jekundu na mifuko ya nailoni, na wanawake walikuwa wamejitanda khanga na kuzing'ata pindo zisipeperuke. Wingu lilikuwa limeshafunika vilima vya mashariki. Hakukuwa na jukwaa wala kivuli. Aliyetaka kukaa alikalia tofali alilokuja nalo kutoka kwake.

Chilewa walikuwa wanacheza na Mtakuja, shule ya jirani. Haikuwa mechi ya kombe. Ilikuwa imepangwa siku mbili tu kabla, kwa sababu ya barua.

Barua hiyo aliipiga chapa Emiliana, mama yake Ritha, senta wa Chilewa. Emiliana alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya viwanja mjini. Alhamisi asubuhi bosi wake, Bwana Fabian, alimletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono akamwambia anataka nakala tatu. Barua ilisema kwamba kiwanja namba 112, kilichotengwa kwa michezo ya watoto, kinaonekana hakitumiki. Kwamba afisa atakikagua Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Na kwamba asipoona watoto wakicheza kiwanjani kwa muda usiopungua saa moja, kiwanja kitapewa mwekezaji aliyeomba kujenga godauni. Bwana Fabian aliagiza ifikishwe shuleni Jumatatu, yaani siku mbili baada ya ukaguzi wenyewe.

Emiliana alipiga nakala tatu kama alivyoagizwa. Karatasi ya kaboni ilikuwa mpya, na ukiiinua kwenye mwanga ulisoma kila neno. Aliikunja, akaiweka kwenye pochi, na jioni akaipeleka kwa Mwalimu Castory, mwalimu wa michezo.

Mwalimu Castory aliinua kaboni dirishani akaisoma mara mbili. Vidole vyake vilibaki vyeusi.

"Mama Ritha, wakijua ni wewe?"

"Watajua tu," alisema Emiliana. "Wewe tafuta timu."

Haikuwa rahisi kusema hivyo. Mumewe alikuwa anafundisha Busi, huko Kondoa, na mshahara wake ulikuwa unachelewa hadi miezi mitatu. Mwaka ule ofisi zilikuwa zinatengeneza orodha za watu wa kupunguzwa kazini. Orodha ya ofisi yao aliipiga chapa yeye mwenyewe, na jina lake halikuwemo.

Bwana Fabian alifika saa nane kamili. Aliegesha Land Rover ya ofisi kwenye kona ya kiwanja, akapandisha vioo, akaweka daftari juu ya usukani. Alipoona watoto kumi na wanne wamevaa jezi za mitumba na vitambaa vya herufi za nafasi zao vilivyokatwa kwenye magunia ya sukari, hakukasirika. Hakuwa mtu wa hasira. Aliandika saa, kisha akatazama wingu.

Filimbi ilipulizwa saa nane na robo. Mvua ilianza dakika tano baadaye, ikaja ya ubavuni, yenye matone mazito, halafu ikageuka mvua ya mawe. Mama mmoja wa Mtakuja alijifunika beseni, na mawe yakaligonga kwa kishindo hata wenzake wakamwambia asogee kidogo. Mfugaji mmoja, Mzee Mazengo, baba yake Lea, mfungaji wa Chilewa, alijivuta shuka mabegani akabaki pale pale alipokuwa, na fimbo yake mbele yake. Hakuna mzazi aliyeondoka. Kabla ya mchana ule walikuwa wameshapita nyumba kwa nyumba kuelezana habari ya barua, na kila mmoja alijua gari lile limefuata nini.

Bwana Fabian alishusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Mwalimu, watoto wataumia. Watawanye."

"Nikiwatawanya utaandika nini, mheshimiwa?"

"Nitaandika ninachokiona."

Mwalimu Castory alisimamisha mchezo akawaita wachezaji. Aliwauliza kama wanataka kuacha. Ritha alikuwa anavuja maji puani na kidevuni, na goti lake moja lilikuwa linatoka damu.

"Tumefungwa nne kwa mbili, Mwalimu," alisema. "Tunaachaje?"

Wa Mtakuja nao wakasema hawawezi kuacha huku wanaongoza. Mwalimu akapuliza filimbi, mchezo ukaendelea.

Ilipofika saa nane na dakika thelathini na tatu, upepo ulishika nguvu kamili. Lea aliruka kupokea pasi ndefu, akaudaka mpira, na hakushuka. Alibaki hewani, miguu imekunjwa kidogo, akitafuta mtu wa kumpasia. Alimwona Ritha, akampa. Ritha akaruka kuupokea na yeye akabaki.

"Refa!" aliita Mwalimu Violeth wa Mtakuja kutoka pembeni. "Hao hawajagusa ardhi!"

Mwalimu Castory alitoa mfukoni kijitabu cha sheria, ambacho alikuwa amekifunga kwenye nailoni, akakiinamia kukikinga na mvua. Sheria ilikataza mchezaji kutembea na mpira mkononi. Aliye hewani hatembei. Akamwonyesha Mwalimu Violeth ukurasa wenyewe, naye akausoma, akakubali, kisha akawapigia kelele walinzi wake wapande na wao, wanangoja nini. Kabla ya dakika kumi watoto wote kumi na wanne walikuwa juu. Ukinyoosha mkono uligusa soli zao.

Wazazi walichokuwa wakihofia ni kifua. Waliambizana kwamba baridi ya huko juu ni kali kuliko ya chini, na kwamba usiku watoto wapewe chai ya tangawizi. Mzee Mazengo alimtazama binti yake akatikisa kichwa.

"Mama yake alikuwa hivi hivi," alimwambia Emiliana. "Ukimtuma maji siku ya upepo, anarudi kesho yake."

Emiliana aliinua uso, mvua ikamwingia machoni. Alitaka kumwambia Ritha afunge vizuri kamba ya kiatu, lakini Ritha ndiye aliyetangulia kusema.

"Mama! Kutoka huku naona nyumbani. Hujaanua nguo!"

"Ziache zilowe!" alijibu Emiliana. "Angalia mpira!"

Tatizo lilikuwa pete. Zilifungwa kwenye mabomba ya chuma yaliyochimbiwa ardhini, na sasa zilikuwa usawa wa viuno vya wachezaji. Lea alifunga magoli mawili kwa kudondosha tu mpira, na Mtakuja wakafunga matatu. Wazazi wa pande zote mbili walisema huo si mchezo. Mzee Mazengo akaweka fimbo chini, akaenda kwenye nguzo ya kusini, akaikumbatia, akaanza kuitikisa. Udongo ulikuwa umeshalainika. Wanaume watatu wakamfuata. Nguzo ikang'oka na bonge la udongo kubwa kama kichwa cha ng'ombe, wakaisimamisha mabegani mwao. Wazazi wa Mtakuja wakaenda kung'oa ya kaskazini.

Hivyo ndivyo mechi ilivyochezwa. Watoto walikuwa juu. Chini yao wazazi walikuwa wameshika nguzo, matope yakiwafika kwenye vifundo, mawe yakiwapiga shingoni. Mwalimu Castory alikimbia huku na huku akitazama mbinguni, na kila alipotaka kupuliza filimbi ilibidi kwanza aikung'ute maji. Mistari ya majivu ilikuwa imefutika zamani, lakini watoto walisema kutoka juu inaonekana vizuri, na hakuna aliyegombania mpira wa kutoka.

Dakika chache kabla ya mapumziko mmoja wa wale wanaume waliobeba nguzo ya kusini aliteleza akakaa chini. Nguzo ikainama. Emiliana alikuwa karibu. Alivua viatu vyake vya ofisini, akaingia kwenye matope, akaweka bega pale lilipotoka bega la yule mwanamume. Bomba lilikuwa la baridi na zito kuliko alivyodhani. Alipogeuza shingo alijikuta anatazamana na Land Rover.

Kioo kilishuka, safari hii chote.

"Mama Ritha," alisema Bwana Fabian. "Wewe ni mfanyakazi wangu."

"Kazi imekwisha saa sita, bosi."

"Unajua unachokifanya?"

"Nimeshika goli."

Kioo kikapanda.

Wakati wa mapumziko watoto hawakushuka, maana waliogopa wakishuka upepo usiwapandishe tena. Wazazi waliwarushia vipande vya machungwa. Vichache vilianguka. Mama wa beseni alisimama katikati akivikinga.

Mechi iliisha saa tisa na nusu. Mtakuja walishinda kwa magoli kumi na matano dhidi ya kumi na manne. Upepo ulipungua taratibu, ukawasukuma watoto kidogo kidogo kuelekea barabarani, na huko ndiko walikoshuka, mmoja mmoja, wengine kwa miguu na wengine kwa makalio. Wazazi wa Chilewa walibishana na wa Mtakuja kuhusu goli la mwisho njia nzima hadi kwenye njia panda. Walikuwa wamelowa hadi mifupani na walicheka sana.

Bwana Fabian alikuwa mtu makini. Walipoondoka alishuka na mwavuli akazunguka kiwanja chote, akihesabu alama za miguu. Za watu wazima zilikuwa nyingi mno. Za watoto hakuona hata moja.

Jumatatu alisimama nyuma ya kiti cha Emiliana akaanza kusoma ripoti, na yeye akaipiga chapa.

"Andika: watoto walikuwepo kiwanjani kwa dakika kumi na nane. Saa nane na dakika thelathini na tatu waliondoka."

Emiliana aliacha kupiga.

"Walikwenda wapi, bosi?"

"Juu."

"Niandike juu?"

"Hapana. Andika waliondoka."

Emiliana aliandika kwamba saa nane na dakika thelathini na tatu waliondoka kwenda juu, usawa wa mkono wa mtu mzima ulionyooshwa, wakaendelea kucheza hadi saa tisa na nusu, Mtakuja 15, Chilewa 14, na kwamba wazazi ishirini na tisa waliwashikia nguzo. Alichomoa karatasi kwenye mashine akampa. Bwana Fabian aliisoma yote akiwa amesimama.

"Yote haya ni kweli," alisema. "Lakini ofisi hii inashughulika na ardhi."

"Na huko juu ni ofisi gani?"

Alifikiri. Alilichukulia swali hilo kwa uzito kama alivyochukulia maswali yote.

"Sidhani kama ni hapa Dodoma. Labda Dar es Salaam."

Kisha akatoa kalamu nyekundu, akafuta sentensi tatu, akampelekea karatasi mpiga chapa wa chumba cha pili. Akiwa mlangoni aligeuka.

"Ile kaboni, Mama Ritha. Ilikuwa mpya. Tulikuwa na pakiti moja tu."

"Najua, bosi."

Orodha ya kupunguzwa ilitoka katikati ya Machi. Ilikuwa imepigwa chapa upya, ikiwa na makosa mawili ya herufi ambayo Emiliana asingeyafanya. Jina lake lilikuwa la nne. Alifunika mashine yake, akachukua kikombe chake cha chai na kiti alichojinunulia mwenyewe, akakibeba kiti kichwani hadi Nzuguni, kwa sababu hakutaka kumwachia mtu. Watu waliokutana naye walimpa pole. Alipokea pole zao. Usiku alilia kidogo, Ritha asisikie, na asubuhi akaenda soko la Majengo kuulizia bei ya robota la nguo za watoto.

Mwezi wa Aprili kiwanja namba 112 kilizungushiwa ukuta wa matofali ya saruji. Hadi Agosti godauni lilikuwa limeezekwa. Mwekezaji hakuonekana. Alikuja tu msimamizi wake, na malori ya sukari na mabati, na kibao kilichosema hakuna njia. Shule iliandika barua Dar es Salaam kuuliza habari za juu. Haikujibiwa.

Agosti ndipo upepo wa Dodoma unapokuwa na nguvu. Jumamosi ya kwanza baada ya kuezekwa kwa godauni, Ritha na Lea na wenzao walikwenda kusimama barabarani, wakaruka, wakapanda. Walipita juu ya ukuta, wakapita juu ya vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya ukuta, wakajipanga juu ya mabati, pale pale kiwanja chao kilipokuwa. Mtakuja nao walikuja. Wazazi walikuwa wameziunganisha nguzo na miti ya mkaratusi, wakazisimamisha nje ya ukuta, upande wa kusini na wa kaskazini, watu wanane kila nguzo, na uwanja ukawa mrefu kidogo kuliko sheria inavyotaka. Mwalimu Castory alilitaja jambo hilo, wote wakakubali kulivumilia.

Vumbi siku hiyo lilikuwa kama pazia. Emiliana aliacha meza yake ya mitumba kwa jirani, akaja na miwani ya jua iliyotoka ndani ya robota, ya mtoto, yenye fremu ya rangi ya waridi. Aliivaa hadi mwisho wa mechi.

Msimamizi wa godauni alilalamika. Mpira ulipoanguka ulipiga mabati, na wapagazi walishtuka wakadondosha mizigo. Alikwenda kwa Bwana Fabian, naye akaja, akatazama juu kwa muda mrefu, akamweleza kwamba hati ya kiwanja inataja urefu na upana peke yake. Msimamizi akaajiri mlinzi, Filipo, akampa amri ya kutorudisha mpira wowote utakaoingia. Filipo alikuwa na watoto wawili pale Chilewa. Aliirudisha mipira yote, na kila mwezi alikatwa siku moja ya mshahara kwa kosa hilo, na kila mwezi alisema hewala.

Wakacheza hivyo miezi yote ya upepo. Siku za baridi wazazi waliwasha moto kwenye debe. Siku za jua kali walihama kufuata kivuli cha ukuta, ambacho kilikuwa kitu kizuri pekee ambacho ukuta ule ulileta. Hakuna aliyesema kwamba mambo yamekwenda sawa. Mzee Mazengo, kila alipofika, aliwasalimu watu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaenda kupiga ukuta kwa fimbo yake mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe na kukuta amefungiwa nje. Halafu ndipo alipokwenda kushika nguzo.

Jumamosi moja mwishoni mwa Machi mwaka uliofuata, mvua ya rasharasha ilinyesha tangu alfajiri na upepo haukuwepo kabisa. Moshi ulipanda wima kutoka kwenye paa za jikoni. Watoto walijipanga barabarani, wakaruka, wakarudi chini. Wakaruka tena. Matope yaliwarukia wazazi. Wa Mtakuja walijaribu kwa kukimbia kwanza, nao wakarudi chini. Walijaribu kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka mmoja wao akaanza kulia.

Mwalimu Violeth alisema labda waende nyumbani, warudi upepo ukirudi.

"Mwezi wa tano?" aliuliza Mzee Mazengo. "Wa sita? Huyu anamaliza la saba mwaka huu."

Akaweka fimbo chini, akachuchumaa katikati ya barabara.

"Lea. Panda."

Lea alitazama huku na huku. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Baba, watu wanaangalia."

"Ndiyo. Panda."

Lea akapanda mabegani kwa baba yake. Mzee Mazengo akasimama taratibu, magoti yakilia, akamshika vifundo. Mama wa Mtakuja akaweka beseni lake pembeni akachuchumaa naye. Wengine wakafuata. Aliyekosa mzazi alibebwa na mzazi wa mwenzake, na Filipo akatoka getini, akaliacha wazi, akambeba mtoto wa Mtakuja ambaye hakumjua jina.

Ritha alikuwa karibu kumfikia mama yake kwa kimo.

"Mama, mimi mzito."

"Uzito wako naujua," alisema Emiliana, akainama.

Alipoinuka alihisi mgongo wote ukijipanga upya. Maji ya mvua yalitiririka kutoka kwenye sketi ya Ritha yakamshukia usoni. Nguzo zilichimbiwa barabarani, moja mbele ya geti la godauni, nyingine karibu na nguzo ya umeme. Mwalimu Castory aliangalia kama mabega yote yako tayari, akapuliza filimbi.

Walikuwa hawajafika mapumziko lori la sukari lilipotokea kutoka upande wa mjini. Lilisimama. Dereva alipiga honi, akangoja, akapiga tena kwa muda mrefu. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Jamani! Nina mzigo wa watu humu!"

"Na sisi tumebeba," alisema Mzee Mazengo.

Dereva akamtazama Mwalimu Castory, maana ndiye aliyekuwa na filimbi. Mwalimu Castory akafuta maji kwenye kioo cha saa yake.

"Bado dakika kumi na moja," alisema. "Halafu kuna kipindi cha pili."

Emiliana hakugeuka. Juu yake Ritha alikuwa ameudaka mpira na alikuwa anamsukuma kwa visigino, kushoto, kushoto, kule Lea aliko, naye akakaza mikono kwenye miguu ya mwanawe, akapiga hatua, akakimbia.